Barua Iliyolala Kwenye Faili la Msikiti

Kwa muda wa miezi minne barua ya afisa mtendaji wa kata ilikaa kwenye faili letu, kati ya risiti za umeme na orodha ya waliochangia mikeka mipya. Ilizitaarifu taasisi za dini kwamba halmashauri imeanza tena kupokea maombi ya mikopo ya vikundi. Tuliona neno "mkopo", tukaiweka kando. Sisi wanakamati tulikwisha kuhutubia mara nyingi juu ya ubaya wa riba. Hatukuona haja ya kuuliza zaidi.

Kisha akaja mama mmoja muuza maandazi na juisi, ambaye watoto wake wawili wanasoma madrasa yetu. Hakuja kuomba msaada. Alitaka ushauri wa namna ya kumweleza mumewe kwamba friji limechukuliwa. Alikopa laki mbili kwa wale wakopeshaji ambao mtaani huitwa "kausha damu", rejesho kila siku. Alipougua malaria wiki nzima deni likavimba, wakaja na mkokoteni. Tulipomuuliza kwa nini hakutushauri kabla, alijibu kwa adabu: "Ustadhi, nyinyi mlitukataza tu. Hamkutuambia twende wapi."

Jibu hilo liliturudisha kwenye faili. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri nchini Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mikopo hiyo haina riba. Haina! Sisi tuliosoma fiqhi ya miamala vyuoni tulikuwa tukiwafungia watu mlango ulio wazi, kwa uvivu wa kutofunua ukurasa wa pili.

Hatusemi mpango huo hauna kasoro. Mwaka 2023 serikali iliusimamisha, kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na baadhi ya vikundi vilikuwa hewa. Ukarejea mwaka 2024. Hapo nasi Waislamu tuna la kujibu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, lakini wapo miongoni mwetu wanaoichukua fedha ya halmashauri kana kwamba ni sadaka.

Sasa barua imebandikwa ubaoni, kando ya nyakati za swala. Akina mama kumi wameunda kikundi. Katiba yao tuliiandika pamoja baada ya swala ya Alasiri, wakabishana sana juu ya nani awe mweka hazina, hadi tukaombwa tutoke nje kidogo. Aliyechaguliwa ni mama wa maandazi. Fomu ziko kwa afisa maendeleo ya jamii. Friji bado halijarudi. Juisi anaipoza kwa jirani.