Kuona Si Kuonwa

Ndugu msomaji, kama wewe ni mvuvi, au kama una mtoto au ndugu aendaye baharini usiku, nakuomba usome habari hii mpaka mwisho. Naandika kosa langu mwenyewe, wala sioni haya, maana nataka likufae.

Nina ngalawa ndogo, urefu wake haufiki mita 6, nami huvua upande wa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Ilipokuwa mpya niliipaka rangi ya samawati, nikajisifu kwa majirani jinsi ilivyopendeza. Sikufikiri kwamba nimeipaka rangi ya bahari yenyewe.

Usiku mmoja wa kaskazi nilitoka na mwanangu, aliyekuwa na miaka 15. Hapakuwa na mwezi. Tulikwisha kupita kisiwa cha Mbudya, na upepo ukawa mdogo, tulipoona taa za meli kubwa kwa mbali. Mtoto akatazama kitambo, akasema: “Baba, mbona naona taa nyekundu na ya kijani, zote mbili?”

Nikamjibu: “Acha woga, mwanangu. Sisi twawaona, nao watatuona.”

Neno hilo ndilo lililotaka kutuua. Meli huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto, na ya kijani ubavu wa kulia. Ukiziona zote mbili pamoja, jua kwamba omo yake yakuelekea wewe. Mtoto aliliona jambo hilo. Mimi mtu mzima nikampuuza.

Tochi tulikuwa nayo. Lakini ilikuwa ndani ya mfuko, mfuko umefungwa kamba, na juu yake pana nyavu. Mlio wa mashine ulipoanza kusikika, mtoto alifungua fundo kwa meno, akamulika tanga. Tanga likang’aa gizani, na meli ikaanza kugeuka polepole. Ikatupita karibu, hata mawimbi yake yakaijaza ngalawa. Tulifua maji kwa kata mpaka mikono ikafa ganzi, wala hatukusemezana.

Basi sikiliza sababu zake. Meli iendayo kilometa 28 kwa saa humaliza kilometa 1 kwa dakika 2 na kidogo tu. Nahodha wake yu juu sana, wala hawezi kuyaona maji yaliyo karibu kabisa mbele ya omo. Usiitegemee rada yake pia, maana chombo kidogo cha mbao huonekana humo kwa shida, na mawimbi hukificha. Kazi ya kuonekana ni yako wewe uliye mdogo.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo visigongane baharini, zilizowekwa mwaka 1972, hazimdai maskini mambo makubwa. Chombo cha makasia, au cha tanga kisichofika mita 7, kisipoweza kuwa na taa zote, na kiwe na tochi au fanusi yenye mwanga mweupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla ya hatari. Angalia neno hilo: tayari, tena mapema. Mulika tanga lako, lakini usimmulike nahodha machoni, usije ukampofusha.

Na mchana je? Huko Ulaya na Marekani wapo watu waendao baharini kwa kujifurahisha katika vyombo vyembamba viitwavyo kayaki, ambavyo asili yake ni kwa Wainuit wa nchi za baridi. Vyombo hivyo hukaa chini sana majini, na mara nyingi kinachoonekana kwanza ni bapa la kafi likipanda na kushuka. Kwa hiyo wengi wao huyapaka mabapa rangi kali, na huvaa nguo za manjano au za rangi ya chungwa. Rangi nyeupe hufanana na povu la mawimbi. Samawati na nyeusi humezwa na maji.

Nami nimefuata hayo. Omo na tezi nimezipaka manjano, na makafi vilevile. Juu ya tanga nimeshona kitambaa cha rangi ya chungwa. Tochi naivaa shingoni kwa kamba, na ya pili imo katika mfuko wa nailoni usioingia maji. Gharama yake haikufika bei ya samaki wa siku moja.

Majirani hunicheka, wakisema ngalawa yangu yafanana na kasuku. Nawaacha wacheke. Mwanangu sasa ni mtu mzima, ana chombo chake, na kila tunaposhua pamoja huniuliza: “Baba, tochi i wapi?” Sikasiriki tena, namwonyesha shingoni.

Nawe msomaji, jioni ya leo kabla hujamwaga mtu wako aendaye baharini, muulize swali hilo hilo. Naye asikujibu kwamba imo mfukoni.