"Mama, mbona sasa tumekuwa wengi?"

Binti yangu ana miaka tisa na ana tabia ya kuhesabu. Anahesabu ngazi, anahesabu daladala tukiwa kwenye foleni ya Mwenge, anahesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mdogo wake. Tabia hiyo imenichosha mara nyingi. Lakini Jumamosi moja ya likizo ya Desemba, jioni, kwenye ufukwe wa kisiwa cha Mbudya, alihesabu jambo ambalo mimi mama yake nilikuwa nimeshalihesabu na kulinyamazia.

Sisi tunaishi Mikocheni. Kutoka kwetu hadi baharini unaweza kwenda kwa miguu. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo watoto wangu hawakuwahi kupanda boti, na sababu ilikuwa mimi.

Nimekulia Bukoba. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka redio zilizokuwa hazizimwi na mama zetu waliokuwa wakitoka msiba huu kwenda ule bila kubadilisha khanga. Baada ya hapo mama yangu aliweka sheria moja: hakuna mtoto wake wa kuingia majini. Hatukufundishwa kuogelea, hata kucheza ufukweni mwa ziwa ilikuwa kosa la kuchapwa.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia Dar es Salaam. Ile sheria nilikuja nayo, kama nilivyokuja na sufuria alizonipa mama.

Mwaka huo wazazi watatu wa darasa la binti yangu tulipanga kuwatoa watoto. Mmoja akapendekeza Mbudya: tuondoke alasiri, watoto wacheze, tule samaki, tutazame jua likizama, turudi. Kikundi kidogo tu, watu wazima watano na watoto saba. Baba watoto alikuwa Dodoma kikazi. Nilitaka kukataa, lakini binti yangu alikuwa ameshasikia. Usiku ule aliniuliza, "Mama, wewe unaogopa bahari au unaogopa sisi tufe?" Nikakosa jibu. Nikakubali.

Kwa sababu ya woga wangu, nilimpigia nahodha simu siku mbili kabla. Nilimuuliza boti inabeba watu wangapi, ana majaketi okozi mangapi, na kama yapo ya saizi ya watoto. Wenzangu walinicheka kwenye group. Nahodha hakucheka. Alijibu kwamba anayo kumi na manne, sita kati yake madogo, na kwamba tungelipa nusu ya nauli tukiondoka na nusu tukirudi.

Siku yenyewe tulipita Kawe na Mbezi Beach hadi Kunduchi. Maji yalikuwa yamejaa, kwa maana ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, na kwa pwani yetu ya Dar es Salaam siku za bamvua maji hujaa mida ya saa kumi alasiri. Boti ilisogea karibu kabisa na mchanga. Kila mtu alivaa jaketi. Nahodha na kijana wake nao walivaa. Watu kumi na wanne, majaketi kumi na manne. Binti yangu alihesabu kwa sauti, akaridhika.

Mbudya si mbali. Ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo, kutegemea mawimbi. Dakika tano za kwanza nilifumba macho na kushika mkono wa mwanangu wa kiume hadi akalalamika. Nilipofumbua, niliona maji yamebadilika rangi, yamekuwa ya kijani kibichi, na watoto wanacheka kila boti ikiruka.

Kwa ambao hamjafika, Mbudya ni moja ya visiwa vya hifadhi ya bahari vya Dar es Salaam, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Maeneo hayo yalitengwa tangu mwaka 1975. Hakuna kijiji kule. Kuna walinzi, kuna vibanda vya makuti vya kupumzikia, kuna mivinje na mibuyu, na vijana wanaochoma samaki. Watoto walikimbizana na kaa, wakachezea maji ya magotini. Nilikaa mchangani nikiwatazama na nikajisikia mjinga kwa miaka niliyowanyima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa samaki. Tuliagiza kwa kuchelewa, wakachelewa kuiva, na tulikuwa tumeahidiana kuondoka saa kumi na moja na nusu. Tulipomaliza kula, jua lilikuwa linaingia nyuma ya jiji. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo huwezi kuona jua likizama baharini ukiwa Kunduchi. Lakini ukiwa Mbudya unatazama nchi kavu, na jua linashuka nyuma ya majumba na minazi. Watoto walinyamaza wote. Ilikuwa nzuri mno, na kwa uzuri huo tukapoteza nusu saa nyingine.

Tulipokuwa tunapanda boti, walikuja vijana watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Boti iliyowaleta ilikuwa haijarudi kuwachukua na simu ya mwenyewe haipatikani. Nahodha wetu aliwaonea huruma. "Ingieni, ingieni, tubanane, ni hapo tu."

Wakaanza kuingia. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikahesabu kimoyomoyo: kumi na wanne, jumlisha watano, kumi na tisa. Majaketi kumi na manne.

Sikusema kitu.

Nataka niwe mkweli kwenu wazazi wenzangu, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Sikunyamaza kwa kutojua. Nilijua kuliko wote mle ndani. Ni mtoto wa Bukoba. Najua pia habari za kivuko cha MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kikajazwa kupita kiasi na kupinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Nchi kavu walikuwa wanaiona.

Nilinyamaza kwa aibu. Wenzangu walishanicheka mara moja kwa maswali yangu ya simu. Vijana wale walikuwa na shida ya kweli. Giza lilikuwa linaingia, watoto wamechoka. Nikajiambia bahari imetulia. Nikajiambia nahodha anavuka kila siku. Nikaona ni afadhali nihatarishe wanangu kuliko kuonekana mwanamke mkorofi anayekataa kusaidia watoto wa wenzake.

Ndipo binti yangu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mbona sasa tumekuwa wengi? Hawa majaketi yao yako wapi?"

Boti nzima ilisikia. Kijana wa nahodha akacheka. "Huyu atakuwa mwalimu wa hesabu." Mama mmoja akasema, "Kaa, mwanangu, tunafika sasa hivi." Binti yangu akanitazama. Hakuwa anamtazama yule mama wala nahodha. Alikuwa anasubiri mimi.

Nikasimama, magoti yanatetemeka. "Kaka," nikamwambia nahodha, "samahani sana. Nenda awamu mbili."

Alisema mafuta yatakwisha. Nikamwambia tutachanga. Mwenzangu mmoja alikasirika waziwazi, akasema ninawatia watoto hofu bure. Labda nilikuwa nawatia hofu kweli. Baba mmoja, ambaye alikuwa kimya muda wote, akatoa noti mfukoni akampa nahodha, akasema, "Mama anasema kweli."

Ikabaki hoja ya nani asubiri. Wale vijana waligoma kubaki wote. Walishaachwa mara moja siku hiyo, wangeaminije kuachwa mara ya pili? Nikaona jibu ni moja. Nusu ya nauli yetu ilikuwa bado haijalipwa, na sehemu yangu ilikuwa kwenye pochi yangu. Nahodha asingeacha hela yake kisiwani. Nikashuka na wanangu wawili. Vijana watatu wakapanda, wakavaa majaketi tuliyovua sisi. Wawili, kaka na dada yake, wakabaki nasi. Boti ikaondoka ikiwa na watu kumi na wanne.

Mtu anayeogopa maji, amekaa na watoto wake kwenye kisiwa, giza linaingia, boti inakuwa ndogo hadi inabaki mlio tu. Nilisali sala zote ninazozijua. Mlinzi mmoja wa kisiwa alikuja na tochi, akatuamkia, akakaa pembeni yetu bila kusema mengi. Namshukuru hadi leo.

Kisha mwanangu mdogo akasema, "Angalieni nyuma." Mwezi ulikuwa unatoka upande wa pili wa kisiwa, juu ya miti, mkubwa kama sinia. Mbele yetu taa za jiji zilikuwa zinawaka moja moja. Binti yangu alianza kuzihesabu, akashindwa, akacheka.

Yule kijana akanisogelea. "Mama, asante. Mimi siwezi kuogelea. Nilipoona majaketi yameisha niliogopa, ila niliona aibu kusema. Tungeambiwa tubaki."

Nikamwambia hata mimi siwezi kuogelea. Dada yake akasema naye hawezi. Tukatazamana. Watu wazima watatu, hakuna anayejua kuogelea, wote tumeona hatari ileile, na aliyesema ni mtoto wa miaka tisa.

Boti ilirudi baada ya dakika arobaini na kitu. Maji yalikuwa yameshapwa sana upande wa Kunduchi, ikabidi tushukie mbali na kutembea majini hadi ufukweni, mwanangu mdogo mgongoni kwangu. Nahodha alinisaidia kubeba kapu. Nilipomlipa akasema, "Dada, usinichukie. Abiria wenyewe ndio hutulazimisha tubanane. Leo ndiyo mara ya kwanza abiria kukataa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Sheria ya mama yangu ilitoka kwenye uchungu, na simlaumu. Lakini haikunifundisha kuogelea, wala kuvaa jaketi, wala kumwambia nahodha hapana. Ilinifundisha kuogopa tu, na mtu anayeogopa bila kujua la kufanya hunyamaza kama wengine.

Kufa maji si jambo la meli kubwa peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao wengi hawakuwa kwenye kivuko chochote. Ni visima, mabwawa, mito, madimbwi na mapipa ya nyumbani kwetu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, likizo ikifika, wapeleke watoto baharini. Usiwanyime. Lakini uliza mapema, kabla hujalipa: boti ina leseni? TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hukagua na kuvipa leseni hata vyombo vidogo. Inabeba wangapi? Majaketi mangapi, na ya watoto yapo? Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiwa majini. Usikubali liwekwe chini ya kiti, livaliwe na lifungwe. Lipa nusu, nusu nyingine ukirudi. Ondokeni kisiwani jua likiwa bado juu, hata kama samaki hajaiva. Na mkiongezeka, sema. Kuuliza si ujinga.

Mimi na wanangu sasa tunajifunza kuogelea kila Jumapili kwenye bwawa moja huku kwetu. Mdogo amenipita. Mimi bado nashika ukuta, lakini naweka kichwa chini ya maji na kukitoa. Yule mwenzangu aliyekasirika hakuniongelesha kwa wiki mbili. Kisha akanitumia ujumbe akiuliza mwalimu wetu anatoza kiasi gani.

Jumapili ile baada ya Mbudya nilimpigia mama yangu Bukoba. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa wajukuu. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Jana nimewapandisha watoto boti."

"Marahaba," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

Akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne, mama."

"Na majaketi?"

"Kumi na manne."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Haya," akasema. "Nipe mjukuu wangu nimsalimie."