Krismasi ya Ukame Kilungu

Katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, Krismasi haihesabiwi kwa kalenda pekee; huhesabiwa kwa mahindi. Mvua za vuli, ambazo Ukambani hutegemewa kuliko masika, hutarajiwa baina ya Oktoba na Desemba. Zikija kama ipasavyo, sikukuu huyakuta mahindi yamestawi, kunde zimetoa majani ya mboga na matuta ya fanya juu yamekinga maji. Kwa hiyo Majilio, yale majuma manne ambayo Wakatoliki na Waanglikana huyatenga kwa kungoja, humkuta mkulima wa Kilungu akiwa tayari anangoja. Hana haja ya kufundishwa.

Desemba ya mwaka 2022 ilimkuta mjane mmoja wa milimani humo akiwa amengoja kupita kiasi. Tangu vuli ya 2020, misimu mitano ilikuwa imefuatana bila mvua ya kutosha. Hata Kilungu, penye ubaridi na ukungu kuliko kule chini Makindu na Kibwezi, mbegu zake za mkopo ziliota, zikanyauka. Alikuwa amefunga kila Ijumaa tangu Oktoba, akiomba mambo mawili tu: mvua, na kitindamimba wake aje nyumbani salama kutoka Nairobi.

Siku mbili kabla ya sikukuu, simu ililia.

"Mwaitu, kazi ya mjengo ilisimama. Nauli nayo imepanda. Mwaka huu sitaweza."

"Haidhuru, mwanangu. Mungu yupo."

Kauli hiyo, "Mungu yupo," yastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa pragmatiki. Aghalabu huwa faraja. Pengine huwa njia ya heshima ya kufunga mazungumzo kabla sauti haijakatika kwa kilio. Kijana alisikia faraja. Mama alikuwa amefunga mazungumzo.

Krismasi ya mwaka huo iliangukia Jumapili. Mhubiri alisimama akaeleza kuwa ukame ni adhabu ya dhambi na zaka zilizozuiliwa. Mahubiri ya aina hii ni ya kukemewa, maana humtwisha mwenye njaa mzigo wa pili. Mjane huyu hakuwahi kukosa zaka, hata ilipokuwa mayai mawili. Aliposikia waumini wakikumbushwa kwamba subira huvuta heri, alikumbuka kwamba wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuimba. Moyoni alimuuliza Mungu swali moja: je, alikuwa akisikia?

Swali hilo si geni katika nchi hiyo. Kabla ya Ukristo, wazee walikwenda kwenye ithembo, mahali patakatifu pa matambiko, wakatoa sadaka ili mvua inyeshe. Isiponyesha walirudi tena. Kisha mwishoni mwa mwaka 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo Nzaui, papo hapo Makueni. Katika muda wa mwaka mmoja walikuwa wamefungua vituo vingine Sakai, Kilungu na Kangundo. Matumaini yalikuwa makubwa mno. Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake wengine walikufa, wengine wakaondoka, na njaa ambayo Wakamba huiita Yua ya Ngomanisye ikaifyeka nchi. Kufikia mwaka 1899 alikuwa amesalia mmishonari mmoja tu, William Gangert.

Wahubiri hupenda kuisimulia habari hii kwa kurukia mwisho wake: tazameni leo, AIC imeenea Ukambani kote! Kweli imeenea. Lakini Scott hakuiona, na waliokufa kwa Ngomanisye hawakufidiwa kwa majengo ya kanisa yaliyojengwa baadaye. Imani inayodai kila hasara iwe na faida yake huwa biashara tu, na mjane wa Kilungu alikuwa ameishi miaka mingi mno kuweza kuinunua.

Jioni ile jirani alimletea sahani ya muthokoi. Alikula. Usiku hakuomba mvua. Alimtaja mwanawe kwa jina, akalala. Ijumaa iliyofuata hakufunga. Jumapili alikwenda kanisani, akaketi mahali pake pa siku zote, swali lake likiwa bado halijajibiwa.

Mvua za masika ya 2023 zilileta nafuu. Vuli ya mwaka huo ikaja na Elnino, maji yakawa mengi kupita haja, na sehemu ya matuta yake ikabomoka. Kitindamimba alifika mkesha wa Krismasi bila unga wa ngano wala mchele, akitazamia lawama. Mama alimwonyesha palipobomoka, na kabla hajavua viatu vya safari, akampa jembe.