Barabara ya Arua–Koboko na swali la zebaki

Nikiwa safarini kutoka Arua kurudi huku Lobule, mama mmoja ndani ya gari aliniuliza: "Mwalimu, ile zebaki ya machimbo ya Durba haishuki mpaka kwenye maji yetu?" Swali zuri, na nilimwonyesha jibu dirishani.

Barabara ya kwenda Koboko inafuata mgongo wa nchi. Kushoto, si mbali, ni Kongo yetu. Mvua ikinyesha upande wa kulia inaingia Enyau, au Kochi ukishafika Koboko, na mwisho wake ni Nile. Ikinyesha ng'ambo inakwenda Kibali, halafu Uele, Ubangi, mpaka mto Kongo wenyewe. Maji ya Durba na Watsa yanaelekea magharibi. Hayawezi kupanda mlima kutufuata!

Lakini zebaki haisafiri kwa maji tu. Mchimbaji anaichanganya na mchanga uliooshwa, inashika dhahabu, inakuwa kidonge cheupe. Akikichoma, dhahabu inabaki, zebaki inapaa kama hewa isiyoonekana wala kunuka. Hapo ndipo naogopa zaidi, maana wengine wanachomea jikoni, watoto wamekaa pale pale. Inaharibu ubongo na figo, mikono inatetemeka, na mtoto wa tumboni ndiye anaumia zaidi. Hata dhahabu inayopitia Ariwara kuja Arua, ikichomwa tena kwa mnunuzi, zebaki iliyobaki inatokea hapo mjini.

Hewa hiyo hatimaye inaanguka, mvua inaipeleka mtoni, na vijidudu vya matopeni vinaigeuza sumu kali inayoingia kwa samaki. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulijulikana mwaka 1956: kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Mkataba wa dunia wa 2013 umepewa jina la mji huo.

Tusisahau soko letu. Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, na maji ya kuoga yanaishia mtaroni.

Kuchemsha maji au kutia klorini kunaua vijidudu vya kuhara, endeleeni. Zebaki haiondoki hivyo, na maabara tu ndiyo inaweza kuiona.

Vijana mnaorudi machimboni wakati wa likizo: kuna chombo cha chuma chenye mfuniko kinachoikamata hewa ya zebaki, kitafuteni. Kama hakipo, chomeni nje, mbali na nyumba. Nguo za kazi zisilale na mtoto, na sufuria iliyochomea dhahabu isipikiwe tena maharage.