Sauti ya Mama na saa isiyomsikia

Wamama wapendwa, wadada, na ninyi vijana mnaowasomea wazazi karatasi hii kila juma,

Tangu mlipoona saa nyeusi kwenye mkono wa mama yangu, wengi mmeniuliza kama ni kweli ile saa inasikia mtu akisema. Leo nawajibu kwa maandishi, maana mkutanoni kila mmoja anauliza lake na jibu linapotea katikati ya kelele.

Mama anakaa nami hapa Obokote. Macho yake yamepungua nguvu. Anaona mwanga wa mlango na umbo la mtu anayeingia, lakini namba za simu hazioni tena. Ana pia ugonjwa wa tansio, na kizunguzungu kinaweza kumkamata saa yoyote. Sisi watoto wake tumetawanyika: mimi niko sokoni na tomati zangu tangu asubuhi, yaya yuko ng'ambo ya Lualaba, na mdogo wetu wa kiume yuko Lubumbashi. Ndiye aliyetuma simu ya kugusa pamoja na ile saa. Wazo lake lilikuwa zuri: Mama asitafute namba, aseme tu jina la mtoto, na simu iite. Kwa mama anayebaki nyumbani na wajukuu wadogo, huo si mchezo wa vijana.

Lakini siku za kwanza saa haikumsikia. Mama anasema, saa inanyamaza. Anarudia, saa inajibu kwa Kifaransa kwamba haikuelewa. Siku ya tatu aliivua akaiweka juu ya meza. "Ile saa iko nanizarau," alisema. "Inajua mi sikusoma." Wajukuu walicheka, yeye hakucheka. Ndipo nilipoona kwamba kazi si kutengeneza saa tu. Ni kumwonyesha Mama kwamba kosa si la kwake.

Kwanza tuelewe sauti inapita wapi. Saa nyingi za bei ndogo hazina akili zao wenyewe. Ni mikro ndogo na spika ndogo tu. Saa inachukua sauti na kuipeleka kwa simu kwa njia ya Bluetooth, ambayo haifiki mbali, karibu mita 10, na kuta zinaipunguza. Simu nayo mara nyingi inaituma sauti kwa intaneti hadi kwenye mashini kubwa za mbali. Huko sauti inageuzwa kuwa maneno, maneno yanageuzwa kuwa amri, na amri inarudi kwa simu: ita mtu fulani. Ni kama ujumbe unaopita mikono mitatu kabla ya kufika. Mkono mmoja ukilegea, ujumbe unaanguka, na wewe uliyesema utaona kimya tu.

Kwa hiyo usianze na saa. Iweke pembeni, useme na simu yenyewe. Simu ikielewa, ubaya uko kati ya saa na simu. Simu isipoelewa, hata ukinunua saa nyingine utapoteza pesa.

Kwetu tulikuta ubaya pande zote mbili.

Upande wa simu, tulifungua mipangilio, pale penye alama ya gurudumu la meno. Tukaangalia kama msaidizi wa sauti amechaguliwa, na kama ameruhusiwa kutumia mikro. Ruhusa hiyo ilikuwa imefungwa. Msaidizi asiye na ruhusa ya mikro ni kama mtu aliyezibwa masikio: utapiga kelele bure. Tukaangalia tena mpango wa kuchunga batri. Hapa petu, ambapo chaji inategemea paneli ya jua, watu wengi wanauwasha wakati wote, na unazima kimya kimya programu zinazokaa nyuma, pamoja na ile ya saa. Tuliiacha simu ichunge batri, lakini programu ya saa tukaiondoa katika orodha ya zile zinazozimwa.

Upande wa saa, tuliona jambo ambalo fundi mmoja wa simu alituonyesha bila kutulipisha. Saa nyingi za namna hii zinaunganishwa na simu mara mbili: mara moja kupitia programu yake, kwa ajili ya saa na hatua za miguu, na mara ya pili katika orodha ya Bluetooth, kwa ajili ya sauti na kuita. Yetu ilikuwa imeunganishwa mara moja tu. Ndiyo sababu ilionyesha saa vizuri na hatua vizuri, lakini sauti ya Mama haikuenda popote.

Baada ya hapo simu ilianza kusikia, lakini kusikia si kuelewa. Hapo tukafika kwenye lugha.

Hawa wasaidizi wa sauti wamefundishwa kwa sauti za watu. Siri ya Apple ilitoka mwaka 2011, na Kiswahili hakimo katika lugha zake. Google iliongeza Kiswahili mwaka 2017 katika kuandika kwa sauti, na ni Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Chetu cha Kongo ni ndugu yao, lakini ni mtu mwingine. Hata wataalamu wa lugha wamekipa alama yake: cha pwani wanakiandika swh, chetu swc. Mama anaposema "niko nakuja", au "juu ya nini", mashini iliyolelewa na sauti za Nairobi na Dar es Salaam inasitasita. Tena, kuandika kwa sauti ni jambo moja, kupokea amri ni jambo jingine. Simu yetu iliweza kuandika Kiswahili kidogo, lakini amri ya kuita mtu iliikubali kwa Kifaransa.

Nilimweleza Mama hivi: "Hii mashini haijawahi kukaa Kindu. Haijakula mchele wetu, haijavuka mto kwa mtumbwi, haijasikia wamama wakiongea sokoni. Ni mgeni ambaye hakujifunza lugha ya nyumba." Akanyamaza, kisha akasema: "Basi ni yenyewe haijasoma." Nikamwambia ndiyo. Siku hiyo aliirudisha saa mkononi.

Lakini alikataa kuongea Kifaransa kirefu. Miaka yote hakukihitaji kwa watu, aanze leo kwa ajili ya saa? Tukatafuta njia ya katikati. Majina yetu yalikuwa yameandikwa katika simu vile tunavyoitana nyumbani, na sikio la Kifaransa liliyaharibu yote. Tukaona kwamba yapo maneno ya Kifaransa ambayo Mama anayasema kila siku bila kufikiri kwamba ni Kifaransa. Tukabadilisha majina. Mimi, muuza tomati, niliandikwa Tomate. Mdogo wetu aliyepanda ndege kwenda Lubumbashi akawa Avion. Muuguzi wetu akawa Docteur. Yaya, ambaye hanyamazi, akawa Radio, na amekubali. Mama alijifunza neno moja tu jipya, "appelle". Anasema "appelle tomate", na simu yangu inalia sokoni.

Bado kulikuwa na mtego mmoja. Simu yetu ina kadi mbili, kama simu nyingi za hapa. Kila Mama alipomwita mtu, simu iliuliza kwenye kioo: nitumie kadi gani? Mtu asiyeona kioo anakwama hapo, hajui hata kwamba ameulizwa. Ndani ya mipangilio unaweza kuchagua kadi moja ya kuitia, ili simu isiulize tena. Hivyo hivyo, mtu akiwa na namba tatu chini ya jina moja, simu itauliza ni ipi. Acha moja ile inayoshikwa.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wa saa hawalisemi. Kuna siku mvua kubwa ilinyesha, na rezo ikaondoka. Kizunguzungu kilimkamata Mama. Alisema na saa, saa ikamjibu kwamba hakuna intaneti. Lakini tulikuwa tumemwachia pia simu ndogo ya vitufe, yenye kadi ya kampuni nyingine. Mkipapasa simu za namna hiyo, mtasikia kidoa kidogo juu ya tano, kiliwekwa ili kidole kijue kiko wapi bila macho. Tulipanga ile tano iniite mimi inapobonyezwa kwa muda mrefu. Mama aliipapasa, akabonyeza, nikapokea. Nilimwachia jirani meza yangu, nikapanda pikipiki. Tulifika kituo cha afya akiwa anasema bado.

Ndiyo maana nawaambia: saa ni msaada, isiwe nguzo peke yake. Uhai wa mzazi uwe na njia mbili, na moja iwe ile isiyohitaji intaneti. Na njia ya tatu ni jirani anayejua kwamba mlango wako haufungwi mchana.

Mengine mawili kabla sijamaliza. Msaidizi anayeitika hata simu ikiwa imefungwa anaweza kuitikia mtoto au mgeni pia. Chagueni wenyewe: kwa Mama tumemwachia aitike, kwangu nimezuia. Na namba ya siri ya pesa za simu isisemwe kwa sauti mbele ya mashini yoyote, wala mbele ya watu. Tukihesabu pesa ya likelemba, simu zetu za kusikia tuzizime mikro. Sauti inayokwenda mbali hatujui inalala wapi.

Kwa wale wasiojua kusoma na wanaotaka tu kutuma habari, msijitese na kuandika kwa sauti. Bonyezeni alama ya mikro katika WhatsApp, mseme Kiswahili chenu, mtume hivyo hivyo. Hapo anayesikiliza ni mtu, na mtu wa kwenu anakielewa.

Vijana wetu nao wana kazi. Mozilla ina mradi unaoitwa Common Voice, ambapo watu wanasoma sentensi kwa simu zao na kuzitoa bure ili mashini zijifunze. Kiswahili kimo. Watoto wetu wenye mega wanaweza kusoma humo kwa matamshi ya Kindu bila kuona haya. Mashini haitamjua mama wa Maniema kama hakuna sauti ya Maniema iliyowahi kuifikia.

Anayetaka tumsaidie kupanga simu ya mzazi wake aje nayo kwenye mkutano ujao, ikiwa na chaji. Aje pia ameulizana na mzazi mwenyewe jambo moja: siku ya hatari, ni nani anataka asikie sauti yake wa kwanza? Namba hiyo ndiyo tutakayoanza nayo.