Helikopta, Theluji na Panadol Mbili

Sisi tuliokulia Dodoma theluji tumeisoma kwenye Jiografia. Kwetu Kongwa kuteleza kulikuwa ni mwambani tu. Unakata dumu la lita ishirini, unalikalia, unashuka nalo mpaka kaptula inatoboka, halafu jioni unamweleza mama ilitobokaje. Kwa hiyo mjomba wangu wa Moshi aliponiambia likizo ndefu ya mwaka juzi kwamba anaweza kututafutia kazi ya upagazi Kilimanjaro, mimi na mwenzangu wa chumba hapa UDOM, niliwaza mambo mawili: hela ya kuanzia mwaka wa tatu kabla bumu halijaingia, na kuishika theluji kwa mkono wangu.

Wapagazi wa kule hujiita wagumu, na jina hilo hawakulipata bure. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni, lakini kilo 20 kwenye njia ya Machame si kilo 20 za kushusha sokoni Majengo. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tulinyamaza.

Mgeni wetu alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mcheshi, anayependa kuuliza maswali. Jioni moja aliniuliza nasoma nini, nami nikamuuliza kama theluji inateleza kuliko mwamba. Akatoa simu akanionesha video. Alikuwa ameenda Tröllaskagi, rasi ya milima kaskazini mwa Iceland, karibu kabisa na Aktiki. Helikopta inatua kwenye ukingo wa mlima, watu wanashuka na kuchuchumaa huku panga zinazunguka juu ya vichwa vyao, kisha inaondoka na kuwaacha kimya. Wanafunga mbao za skii miguuni, wanateremka mmoja mmoja kwenye weupe mtupu, na chini kabisa ni bahari. Helikopta inawasubiri huko iwapandishe tena.

"Kumbe ni bodaboda," nikamwambia. Nilipomweleza bodaboda ni nini, alicheka mpaka akakohoa.

Kilichonishangaza zaidi ni urefu. Milima ile mirefu kabisa inafika kama mita 1,500 hivi. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari. Yaani sisi tunakula mlenda na kuchuma zabibu karibu na kimo ambacho wenzetu wanapelekwa kwa helikopta! Ndiyo maana kule mtu anaweza kushushwa kileleni kwa dakika chache asiugue. Kinachoua kule ni maporomoko ya theluji. Kila mmoja anavaa kifaa kidogo cha redio kifuani ili akifukiwa atafutwe, anabeba koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kabla ya kuruka wanafanya mazoezi ya kumtafuta aliyefukiwa. Halafu kuna sheria moja aliyoirudia mara mbili: mwenye wasiwasi anasema, na akisema kundi zima linasikiliza. Hakuna wa kumcheka.

Nilimsikiliza vizuri sana. Kesho yake, kambi ya Karanga, mwenzangu aliniambia kichwa kinamuuma.

Aisee, nikikumbuka nilichomjibu naona aibu mpaka leo. Nilimwambia, "Meza Panadol mbili, kaza. Ukisema watakushusha, na bahashishi yako imekwenda." Akanisikiliza, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta.

Tukapanda mpaka kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Mchana helikopta ilikuja kumchukua mpandaji wa msafara mwingine aliyezidiwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona helikopta karibu vile. Nilitoa simu, nikarekodi vumbi, nikarekodi kelele, nikasahau njaa. Nikawaza: kule Iceland inapandisha watu wakacheze, hapa kwetu inakuja kushusha wagonjwa. Nilipogeuka kumwonesha mwenzangu video, alikuwa ameinamia mzigo wake, hakuinua hata kichwa. Niliona. Nikajiambia amechoka tu.

Usiku alianza kutapika. Akataka kutoka nje, akashindwa kufunga kamba za viatu, mtu tunayeshindana naye kuchapa kazi za kundi kwenye kompyuta! Hapo ndipo nikamwamsha kiongozi wa msafara.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Leo," nikasema. Akanimulika usoni na tochi, hakusema kitu. "Jana," nikasema.

Akamwambia atembee hatua za kisigino kwa kidole, kwenye mstari. Hatua ya tatu akaanguka. Kumbe hewa ikiwa hafifu ubongo unaweza kuvimba, na dawa kubwa kuliko zote ni kushuka, saa hiyohiyo, bila kusubiri kuche. Tukamshusha wanne, kwa tochi, tukipokezana kumshika. Sikuwaza bahashishi wala theluji. Nilikuwa nahesabu hatua zake, na kila alipoteleza nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama yake. Alfajiri, karibu na kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi, aliomba chai. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Mgeni wetu alifika Uhuru, mita 5,895. Karibu na kilele kile kuna barafu iliyopewa jina la Mjerumani Walter Furtwängler, ambaye mwaka 1912 yeye na mwenzake Siegfried König walipanda na skii zao na kuteleza huko. Tangu mwaka huo hadi 2007, asilimia 85 hivi ya barafu ya Kilimanjaro ilikwisha. Mimi sikuishika hata iliyobaki, na sina kinyongo.

Jambo la mwisho. Siku ya malipo, kiongozi alimhesabia mwenzangu bahashishi yake sawa na sisi. Sisemi kila msafara uko hivyo. Nasema kile nilichokiogopa, nikamnyamazisha mtu kwa ajili yake, hakikutokea.

Na huku chuoni ni vilevile. Mtu ana sapu tatu, tunamwambia kaza. Mtu hajala tangu jana, kaza. Mtu halali usiku, mwanangu, kaza. Tunadhani tunatia moyo.

Bado tunakaa chumba kimoja. Wiki iliyopita nilishikwa na homa, akanitazama kutoka kitanda cha juu akasema, "Meza Panadol mbili, kaza." Akacheka sana. Kisha akashuka, akavaa viatu, akanipeleka zahanati.