Unguja ya Vuta N'Kuvute

Kusi ikivuma, asubuhi ya Unguja huwa na ubaridi mtamu. Upepo unaingia kutoka baharini na kuzipenya nyumba za mawe, ukichanganya harufu ya karafuu, samaki wa kukaanga na udi uliochomwa usiku. Huu ndio mji wa filamu ya Vuta N'Kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Septemba 2021 ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kule, na mwaka uliofuata nchi ikaiteua kuwania Oscar. Nimekuja kuufuata mji huo kwa miguu.

Ukitoka Forodhani, vichochoro vinakumeza mara moja. Vespa inapiga honi mgongoni, unajibana kwenye mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, na ukigeuka hujui tena bahari iko upande gani. Raha ya Mji Mkongwe ni kwamba hupotei peke yako: kila baraza lina mtu wa kukuelekeza, naye hakuachi mpaka mmeulizana hali za nyumbani.

Jaws Corner wazee wanacheza dhumna. Muuza kahawa anainamisha dele, kahawa inashuka nyembamba hadi kwenye kikombe kisicho na mkono, chungu, yenye tangawizi, na kipande cha kashata kando. Naamkia shikamoo, wote wanaitika marahaba. Nikiitaja filamu, dhumna inasimama.

"Mwanangu, sisi Denge tunamjua tangu kitabuni," mmoja ananiambia. "Karibu ukae."

Nakaa. Wanabishana kuhusu Unguja ya miaka ya 1950, Waingereza, magazeti yaliyopigwa marufuku, makachero na vijana kama Denge, mpigania uhuru wa hadithi hii, waliowasumbua. Mmoja ananikumbusha sinema ya Majestic kule Vuga, iliyofunguliwa mwaka 1955 baada ya sinema ya Royal kuungua. Watazamaji wa nje wameusifu sana uzuri wa picha za filamu hii, na ni kweli zinavutia. Lakini barazani hapa nasikia kile ambacho mimi nakithamini zaidi: Kiunguja chenyewe, laini, kisicho na haraka, kilichofika Toronto bila kubadilishwa sauti.

Mchana navuka Darajani. Soko lililojengwa mwaka 1904 linanguruma: pweza wamelundikwa kwenye meza zilizolowa, ndizi, mdalasini, na wapagazi wanaosukuma mikokoteni huku wakiomba njia. Zamani maji ya bahari yaliingia hapa na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Leo ni barabara ya daladala. Katika filamu, Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anapomkimbia na kwenda kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu anayeigizwa na Siti Amina, ni mpaka huu anaouvunja. Nikisimama juu yake naelewa ujasiri wake kuliko nilivyouelewa kitini.

Ng'ambo, nyuma ya majumba ya Michenzani, bibi mmoja ananiuzia urojo. Anaweka viazi, bajia, kachori iliyovunjwa kwa vidole, kisha mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe na limau, chatini ya nazi na chipsi za muhogo juu.

"Nikutilie pilipili?"

"Kidogo, bibi."

Kidogo ya Ng'ambo inatoa jasho. Anacheka, ananiongezea mchuzi bila malipo na kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi.

Usiku ni Ngome Kongwe, ukumbi wa wazi wa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997. Ngazi za mawe ni ngumu kukalia, filamu inachelewa kuanza na upepo unatingisha pazia, lakini nani anajali? Watazamaji wanawajibu waigizaji kwa sauti, wanawaonya, wanawasuta. Jirani yangu, mama mwenye buibui, ananipitishia visheti kana kwamba tumekuja pamoja.

Ukipanga kuja, kisome kwanza kitabu cha Adam Shafi, ulizia tarehe za tamasha mapema kwa kuwa hubadilika kila mwaka, na usiishie Forodhani. Vuka Darajani, nenda Ng'ambo. Nusu ya filamu hii iko huko.